Kabati la Mzee Tajudin

Kitendawili! Sema tega. Haya: nina majumba tele, ya ghorofa na ya chini, misikiti, shule na maghala. Yote yamelala ndani ya kabati moja, na mvua ikinyesha sina hata moja la kujisitiri. Umeshindwa? Basi nipe mji. Kampala usinipe, maana siku zile ilikuwa na wenyewe, wenye bunduki. Nipe mwingine, nami nikufumbulie: ni michoro ya Mzee Tajudin. Ilikuwa Wandegeya, nyumbani kwa mwanawe Sadiq, na aliyekuwa akiifuta vumbi ni Nusura, mke wa Sadiq.

Mzee Tajudin alikuwa mchora majengo. Kuanzia Masaka mpaka Jinja hukosi ukuta uliotoka mkononi mwake. Na hakuchora juu ya karatasi, alichora juu ya kitambaa cha pamba nyembamba kilichopakwa wanga mpaka kikakakamaa, ukikikunja kinalia. Alipokuwa akikata roho alimshika Sadiq mkono, akamwambia, “Kwenye kabati hili kisitoke hata kipande.” Sadiq akaapa. Yeye hakuwa mchoraji. Alikuwa na kibanda cha kuchapa ramani karibu na chuo kikuu, pamoja na rafiki yake Opoka. Lakini nani alikuwa akijenga siku hizo? Wenye majengo walifukuzwa, na waliobaki walikuwa wakitafuta chumvi. Kabati lilikuwa na funguo mbili, mmoja wa Sadiq, mwingine anao Opoka.

Nusura alikuwa amechoka. Si uchovu wa kulala ukaamka umepona. Alipanga foleni ya sabuni, akapanga foleni ya mafuta ya taa, na siku nyingine alipanga foleni bila kujua mbele kuna nini, mradi watu wamesimama. Akirudi, miguu imemvimba, mkononi kikapu kile kile alichotoka nacho.

Jumatatu moja akaja Kamis. Huyu Kamis alikuwa sajini jeshini, na mama yake Sadiq, marehemu Mama Habibah, ndiye aliyemnyonyesha pale mama yake mzazi alipougua. Kwa hiyo kwa Sadiq alikuwa ndugu wa ziwa moja, na nyumba ile alizoea kuingia akifunua sufuria. Siku hiyo alisimama mlangoni, kofia kichwani.

“Ndugu yangu, leo nimetumwa. Lile ghala la Nakivubo, alichora Mzee, si ndiyo? Sasa ni la jeshi. Maji yanapanda kutoka chini ya sakafu, mabomba hatujui yamepita wapi. Mkubwa anataka ramani.”

“Hiyo tu?” Sadiq akacheka. “Kaa unywe chai. Ila sukari hakuna.”

“Sukari iko kule ghalani, inaogelea.”

Sadiq akafungua kabati, akavuta droo, akavuta nyingine. Akapata utepe wa karatasi wenye jina la ghala kwa mwandiko wa baba yake. Michoro yenyewe haikuwepo.

“Nusura! Michoro ya ghala iko wapi?”

“Mihogo inaungua,” akajibu Nusura, akatoka kwenda jikoni. Mihogo ilikuwa haijachemka hata.

Kamis akavua kofia, akaivaa tena. “Nitarudi Ijumaa baada ya swala. Na Sadiq, nisikilize. Mkubwa kasema, ramani ikikosekana basi imefichwa, na aliyeificha ni adui. Mimi sikusema hayo. Kasema yeye.”

Nusura alikuwa akijua michoro iko wapi. Alikuwa akijua vizuri mno.

Mwezi mmoja nyuma Sadiq alisafiri hadi Busia kutafuta karatasi za kuchapia. Huku nyuma Mama Habibah akafariki alfajiri, na maiti haisubiri. Nusura akazunguka mji wote kutafuta sanda. Nakivubo rafu zilikuwa tupu, na mwenye duka mmoja akamwonyesha gunia, naye hakuwa akifanya mzaha. Mama Habibah, ambaye maisha yake yote alitaka shuka safi, azikwe ndani ya gunia!

Hapo Nusura akakumbuka kitu alichofundishwa na marehemu mwenyewe. Zamani, Mzee Tajudin akiharibu mchoro, Mama Habibah aliuchemsha mpaka wanga na wino vikatoka, kikabaki kitambaa laini kama maziwa. Fulana za utoto za Sadiq zilishonwa kwa michoro ya babake. Basi Nusura akachukua ufunguo ambao mumewe aliuacha chini ya mto, akafungua kabati, akachagua vitambaa vipana kuliko vyote. Sabuni hakuna, akachemsha kwa maji ya majivu. Ghala la Nakivubo likayeyuka mbele ya macho yake, milango ikaondoka, ngazi zikaondoka, maji yakawa meusi. Alipovianika vilikuwa vyeupe.

Kaburini, kwa kuwa Sadiq hayupo, aliyeshuka kumpokea ni Kamis, maana mwana wa kunyonya ni maharimu. Akampokea mama yake mikononi. Siku ya hitima akamvuta Nusura pembeni. “Shemeji, mji mzima hauna hata leso. Sanda laini vile uliitoa wapi?”

“Tusome kwanza hitima, shemeji,” akasema Nusura. Na jibu likabaki hapo.

Sadiq aliporudi akalia kama mtoto kwa kukosa maziko. Utamwongezea nini mtu aliye katika hali ile? Kwamba kiapo chake kwa babake kimepikwa sufuriani? Nusura akasema kesho. Kesho ile ikaota ndevu.

Alhamisi jioni walikaa kwenye mkeka na sahani ya mihogo katikati.

“Ufunguo wa pili anao Opoka,” Sadiq akasema.

“Opoka hajagusa kitu.”

“Wewe umejuaje? Vitambaa vile vinauzwa. Na juzi nimemwona na unga.”

“Mtu akinunua unga ni mwizi?”

“Kamis akiniuliza nimwambie nini? Nina mtoto, Nusura. Nikamatwe mimi?”

Nusura akaacha kula. Opoka ni Mwacholi. Kaka yake alichukuliwa kambini mwaka ule wa kwanza wa mapinduzi, halikurudi hata shati lake. Mtu mwenye jina kama lile akipandishwa gari la jeshi, mkewe huanza kufunga mizigo.

“Sadiq, nina neno.”

“Kesho, mama Naila. Kichwa kinaniuma.” Akageukia ukutani. Naye Nusura, Mungu amsamehe, akashukuru.

Ijumaa Opoka akaja mwenyewe, hajui hili wala lile, akakaa kwenye kigoda chake cha siku zote. “Mama Naila, leo chai ina sukari, au ina hadithi ya sukari?”

“Ina hadithi, baba,” akajibu Nusura, akampa kikombe. Sadiq hakumtazama rafiki yake. Alikuwa akihesabu tasbihi bila kutia dua.

Gari likasimama nje. Kamis akaingia, na nyuma yake askari wawili wakabaki mlangoni. Uso wake ulikuwa wa mtu ambaye hajalala.

“Ramani.”

“Sina,” akasema Sadiq. “Nimetafuta mpaka darini.”

“Sadiq, usinifanyie hivyo. Nikirudi mikono mitupu na mimi naulizwa. Kabati linafunguliwa na nani?”

“Funguo ni mbili.”

“Mmoja wako. Wa pili anao nani?”

Kikombe kikatulia mkononi mwa Opoka. Sadiq akainamisha kichwa, akalamba midomo. “Wa pili…”

“Shemeji Kamis.” Nusura alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, akijifuta mikono kwa kanga. Sauti yake haikupanda. Hakuwa na nguvu ya kuipandisha. “Mwache huyo na chai yake. Wewe uliniuliza jambo siku ya hitima, nikakwambia tusome kwanza.”

Kamis akamgeukia.

“Hitima imeshasomwa. Sanda ile niliitoa kwenye kabati hili, nikaichemsha kwa mikono yangu, mume wangu hajui mpaka sasa anaponisikia. Ghala unalolitafuta ulilipokea wewe mwenyewe kaburini, shemeji. Mama amelivaa.”