Langoni kwa Opondo

...na nyamazeni huko, sogeeni karibu kama mnataka kusikia, wewe kuku na vifaranga wako, mtoto anasoma, Dorca alifoka huku vidole vikichambua mboga ya osuga, na mjukuu wake Winny, laputopu mapajani, akaendelea kumtafsiria ile insha ya kuomba kusomea udaktari, "Bibi yangu, mwanamke asiyejua kusoma..." asiyejua kusoma, haya, andika, lakini watoto arobaini na mmoja wa Awasi walitua kwenye mikono hii na hakuna hata mmoja aliyeuliza herufi, "Dani, unasikia?", ng'ambo haijamsahaulisha kumwita bibi dani, "Nasikia, nyathina, mwanangu, mimi si ukuta," mtoto amerudi likizo shingo imekuwa kama ya korongo, huko chuoni ng'ambo darasa la kemia lilianza na mia mbili likabaki na themanini, halafu eti kamati ya chuo haimwandikii mtu barua ya kumsifu mpaka insha iwaguse, "Mshauri wangu, Mark, amesema niongeze uchungu kidogo," kuongeza, kama chumvi, huyo Mark amezika nani, "Mama yangu Adongo alifariki siku aliyonizaa, kwa sababu siku hizo hakukuwa na hospitali karibu..." uongo! jani likachanika mkononi, hospitali ilikuwa pale pale Kombewa alikoolewa Adongo, bati lake likimeta nyuma ya soko, nani alimlisha mtoto uongo huu, ni Mark, ni Opondo baba yake, hebu nimpate leo, nitamwonyesha... na hasira ikageuka shingo ikamtazama yeye Dorca, kwa maana ni nani, miaka ishirini na moja, kila mtoto alipouliza, aliyejibu, siku hizo, nyathina, hakukuwa na hospitali karibu, na Opondo, kwa kumheshimu mkwe, akatazama chini tu, Opondo ambaye mchana ule, Winny amezaliwa tu na damu ya Adongo haikatiki, alitoka nyumbani mbio, shati limelowa, akamkuta mkwe amefika langoni, "Mama, ingia! Mimi nakimbilia daktari, mikono yako ndiyo iko karibu!", naye akabaki langoni, kwa kuwa hakuwa amekaribishwa rasmi bado, mama mkwe haingii tu hivyo, ataiharibu nyumba, akashika nguzo akapiga kelele juu ya ua, "Mkande tumbo! Mkande kwa nguvu!", na ndani wifi mdogo wa Adongo analia tu, hajui tumbo likandwe wapi, na yeye anajua, mikono inajua, hatua thelathini, halafu kilio, halafu Opondo na daktari kwenye pikipiki, wamechelewa kidogo tu, kidogo tu! na nyumba aliyoogopa kuiharibu ikaharibika akiwa nje, mila gani, Dorca, mjinga wewe, mjinga, "Dani, mbona unayasaga majani? Iko sawa? Nitume? Wanafunga kupokea saa sita," na beseni bado nusu, kuku wamerudi mlangoni, na jua liko pale pale, Opondo alirithi kaburi uani na baadaye mke mwingine, Winny alirithi vidole virefu vya Adongo, vinavyongojea juu ya kile kitufe, na yeye akarithi lango, akalikalia miaka yote hii kama kiti, na uongo wake je, huu nao amrithishe mtoto, aingie nao kwa wagonjwa...

"Usitume," Dorca alisema. "Hospitali ilikuwepo."