Hadubini ya Mzee Hashim

Wazazi wengine wa Kitale humpa binti anayeolewa sufuria na blanketi. Mzee Hashim alimpa Arafa hadubini. Mashangazi walicheka hadi mitandio ikawaanguka, na mmoja akauliza kama bwana harusi atakuwa anapikiwa wadudu. Hashim, mbishi wa kuzaliwa, hakujali. Maisha yake yote ya kazi alikuwa ameinamia chombo kile katika maabara ya kliniki moja nyuma ya msikiti, akitafuta malaria katika damu za watu, na hakuona mtu mwingine wa kumwachia.

Ndiyo hiyo hadubini iliyokuwa dirishani kwenye maabara ya Arafa, Bungoma, asubuhi moja ya mwaka 2006. Arafa alikuwa ameiinamia kwa muda mrefu, ingawa jibu alikuwa ameshaliona. Katika damu ya mtu mwenye afya, chembe nyeupe huonekana mojamoja, zimepotea katikati ya nyekundu. Hapa zilikuwa zimejazana, kubwa, changa, hazijakomaa, na nyekundu hazina pa kukaa. Ilikuwa saratani ya damu. Daktari Wabwile naye alikuwa ameangalia, akavua miwani na kuteremsha sauti.

"Tumpeleke hospitali kubwa ya Eldoret. Lakini kwa umri huo, Arafa... Mwambie wewe. Ni baba yako."

Baba yake alikuwa nje kwenye benchi. Alikuwa amekuja kutoka Kitale na uchovu usioisha na fizi zinazotoka damu, na alikuwa amekataa katakata kupimwa na mtu mwingine. Mama yake Arafa walikuwa wamemzika mwaka uliotangulia, na tangu hapo mzee alikuwa akijipikia ugali mbichi na kuusifu. Arafa hakuwa na moyo wa kumwambia. Tangu alfajiri mwili ulikuwa unamtetemeka na viungo vinamuuma, naye akajiambia ni hofu.

"Arafa! Mimi nimeota mizizi hapa," Hashim aliita kutoka nje. "Si uniite nijionee mwenyewe?"

"Ngoja kidogo, Baba. Rangi haijashika vizuri kwenye damu yako, narudia."

Alikuwa amesema kabla hajafikiri, na sasa ilimbidi afanye kitu. Kwenye trei kulikuwa na vioo vyembamba vilivyopakwa damu ya wagonjwa wengine, lakini hivyo hakuvigusa. Baba yake alikuwa amemfundisha tangu akiwa msichana wa shule kwamba damu ya mtu ni kama jina lake, na anayebadilisha vioo ni afadhali akauze nyanya. Basi akajificha nyuma ya rafu, akajidunga kidole mwenyewe, akapaka tone la damu yake kwenye kioo kipya, akalitandaza, akalikausha na kulitia rangi haraka haraka. Damu hii si ya mgonjwa yeyote, alijiambia, kwa hiyo simdhulumu mtu. Anayetaka kudanganya hakosi kujitetea. Kwa haraka aliyokuwa nayo, hata hakukiangalia.

Hashim aliingia akishikilia ukuta, na Arafa akamwekea kioo kile chini ya lenzi. Stima ilikuwa imepotea tena, taa zote zimezimika, naye mzee akachekea puani.

"Ati stima! Na anga yote hiyo ni ya nini?"

Alikigeuza kile kioo cha kujitazamia kilicho chini ya hadubini kuelekea wingu jeupe, wala si jua, maana jua lenyewe humchoma mtu jicho. Mwanga ukapiga kioo, ukapanda hadi kwenye lenzi ya chini inayoukusanya, ukapenya damu, ukaingia lenzi ndogo inayoikuza picha, kisha ile ya juu, karibu na jicho, ikaikuza tena. Alidondosha tone la mafuta juu ya damu na kuishusha lenzi ndogo mpaka ikayagusa, kwa sababu bila mafuta mwanga ungetawanyika hewani na picha ingefifia. Akaanza kusogeza kioo chenye damu kushoto, picha ikikimbilia kulia. Hadubini huonyesha mambo kinyume. Arafa alipokuwa mdogo jambo hilo lilimliza, lakini mkono wa baba yake haukuhitaji hata kufikiri.

Mzee alizihesabu chembe moja moja.

"Damu nzuri," akasema mwishowe, na Arafa akashusha pumzi. "Chembe nyeupe ni chache tu, vile inatakiwa. Lakini mwenyewe ana malaria."

"Malaria?"

"Pete moja ya kijidudu hapa, ingine kule. Bado changa." Aliinua kichwa akamtazama binti yake. "Mimi sina homa, mwanangu. Wewe tangu nifike unatetemeka kama mtu amenyeshewa. Enda umeze dawa."

Arafa aliona aibu, lakini huzuni iliizidi aibu. Alilia hapo hapo, mbele ya trei na chupa za rangi, kama alivyokuwa hajalia hata kwenye mazishi ya mama yake.

"Nisamehe, Baba."

"Nikusamehe nini? Ungechukua ya mgonjwa, hapo tungekosana." Alinyoosha kiganja. "Haya, lete yangu."

Alimpa. Safari hii Hashim aliinama kwa muda mrefu zaidi. Mkono wake ulisogeza kioo polepole, ukasimama, ukasogeza, ukasimama. Nje watu walipita wakisalimiana. Arafa alitaka kumshika bega akaogopa. Kisha mzee akaanza kuongea kwa sauti yake ya zamani, ile ya kufundishia.

"Njoo uone. Hiyo kubwa ya katikati, angalia kiini chake, kimejaa karibu chembe yote. Hata kwa vitabu huwezi pata safi hivi. Angalia vizuri, bana, uijue. Ikikuja ya mtu mwingine, usiipite."

Hadubini ile ilikuwa ya jicho moja, kwa hiyo alisogea kando ampishe. Arafa alipangusa uso kwa mkono, akainama, akafumba jicho la kushoto. Hakuona kitu. Kila mahali palikuwa ukungu. Alizungusha kile kirungu cha pembeni cha kurekebisha picha, mbele, nyuma, mbele tena, na ukungu haukuondoka.

"Usizungushe," Hashim alisema, uso ameuelekeza dirishani. "Pangusa tu hiyo lenzi ya juu. Ni mimi nimeilowesha."