Hoteli Iliyo Chini ya Maji

Jua la mchana linamlaza Kokusima kwenye kitanda cha kamba mbele ya banda lao, masikio yake yangali yanavuma kwa kina cha bahari aliyozamia asubuhi. Mumewe, Rweyemamu, amerudi majini peke yake. Ndiye aliyemleta kwenye kisiwa hiki chenye hoteli moja tu, wapumzike, wazamie, wasahau. Maana mara ya mwisho alipompiga, Koku alizimia jikoni akazindukia wodini. Anafumba macho. Mchanga unafunguka chini yake naye anazama, wala hashangai kwamba anapumua. Huko chini kuna hoteli ileile, mabanda yaleyale, ila yamepinduka, makuti yanatazama chini, na barabara nyeupe ya matumbawe inazunguka, inazunguka, kila akiimaliza anajikuta mwanzoni. Mzamiaji mmoja anamngoja njiani. Nyuma ya miwani yake hamna uso, mna maji matupu. Kaka, anauliza Koku, njia ya kutoka iko wapi? Iko nyuma ya usichotaka kukiona, dada. Mbona sikuelewi? Utanielewa ukiisikia sauti yako.

Na kweli anaisikia, inapiga mayowe ndani ya banda la kwanza. Anachungulia dirishani: Rweyemamu amemkaba mwanamke ukutani, na mwanamke huyo ni yeye Koku, akiwa na gauni lake la harusi. Banda la pili ni yeye tena, ana mimba, anaburutwa kwa nywele. La tatu hatazami, anaona tu damu ikipanda juu mithili ya moshi. Anakimbia, barabara inamrudisha palepale. Anamshika mzamiaji mabegani, anamtikisa: Msaidie, atamuua! Nimsaidieje, anajibu yule, na mwenye mikono ni wewe? Koku anamnyofoa mtungi wa hewa mgongoni, anauvurumisha kwenye mlango wa banda la kwanza, mbao zinapasuka. Rweyemamu anageuka. Koku wangu, anasema kwa sauti ile ya kuombea radhi, si tumekuja kupumzika? Mkono wake bado uko kooni mwa yule mwingine. Koku anauokota mtungi, anaushindilia kwenye paji la uso wake. Mfupa unalia. Anarudia, anarudia, mpaka maji yote ni mekundu na mabanda yanaporomoka, na yule Koku mwingine anamshika mkono, anamwambia basi, twende.

Anafumbua macho. Rweyemamu anapanda kutoka ufukoni, damu inamchuruzika kutoka kwenye paji la uso hadi kidevuni. Nimejigonga kwenye mwamba, mke wangu, niletee taulo. Koku anatazama vidole vyake, vimechubuka. Pole, anasema, kisha anajifunga kanga na kumpita. Unakwenda wapi? Koku! Mkono wa mumewe unanyanyuka, kama kawaida yake. Koku hakwepi. Anautazama tu, unaning'inia hewani, kisha unashuka wenyewe. Gatini, boti ya hoteli inawasha injini kwenda bara kuchukua wageni. Mama, mbona huna mzigo? anauliza nahodha. Sina. Anakaa. Maji yanamrukia usoni, vuguvugu, naye hajui ni ya bahari ipi. Kisiwa kinadidimia nyuma yao. Kama hii nayo ni ndoto, anamwambia nahodha, tafadhali usiniamshe mpaka tufike.