Mwalimu Aliyeshindwa Kufunga Mdomo

Nyumbani kwa akina Jerlyn Pamplona kulikuwa na feni sita, na hakuna hata moja iliyonunuliwa dukani. Zote alijishindia yeye kwa kuimba kwenye sherehe za vijiji, tangu akiwa na miaka tisa, na nyingine nne mama yake alishazigawa kwa majirani. Ukitaja jina lake popote, kuanzia mjini Iloilo, huko Ufilipino, hadi kule milimani, lazima mtu akwambie, "Aa, yule mwenye sauti!" Kwa hiyo alipoingia chuo kikuu kusomea ualimu wa kwaya za shule, hakuna aliyejiuliza kama ataweza. Yeye mwenyewe ndiye aliyejiuliza kidogo kuliko wote.

Mwaka wa nne akapangiwa mazoezi ya kufundisha katika shule ya msingi ya Tabukan, darasa la sita, watoto thelathini na wanane. Profesa Siason, msimamizi wake, alikuja kumpima akiwa na taulo begani kama kawaida yake. Akaketi nyuma, akasikiliza wimbo mmoja wa sauti mbili mpaka mwisho, akafunga daftari.

"Nimemsikia mwalimu mmoja akiimba vizuri sana," alisema walipobaki wawili. "Na nimeona watoto thelathini na wanane wakifungua midomo."

"Lakini Profesa, si waliimba?"

"Walikuegemea. Wewe ukivuta pumzi tu, wimbo nao unakatika. Nimeandika umeshindwa, binti yangu. Nitarudi baada ya wiki mbili. Ukishawapa sauti ya kuanzia, sitaki kusikia hata 'mm' yako. Ukiimba tena, unarudia mwaka."

Kurudia mwaka! Jerlyn alikuwa ameshapimwa gauni la mahafali. Mama yake alikuwa ameshamchagua nguruwe wa kuchoma siku hiyo, na watu wa mtaa mzima walikuwa wakipita kumtazama anavyonenepa.

Mwalimu wake mlezi pale shuleni alikuwa Bi Gallego, mama wa miaka hamsini na nane, mfupi, mwenye sauti ya kufukuzia kuku. Kwaya zake zilishinda mashindano ya wilaya karibu kila mwaka. Jerlyn alikuwa amekaa naye miezi miwili bila kujiuliza hata siku moja inawezekanaje.

"Inday," alisema Bi Gallego, kama wanavyoitwa mabinti wote kule, "unajua kwa nini unaimba nao? Unaogopa wataharibu."

"Si wataharibu kweli!"

"Waache waharibu. Kwani wimbo ni wa nani?"

Jerlyn akaitikia, akaapa, na kesho yake akasimama mbele ya watoto na midomo imebanwa. Mstari wa kwanza ukapita. Wa pili ulipoanza, mdomo ukafunguka wenyewe. Siku iliyofuata akajitahidi asifungue mdomo, akajikuta anaimba kwa pua. Siku ya tatu mtoto mmoja wa sauti ya pili, Chenny, binti mwenye pengo na asiyemwogopa mtu, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, unaimba."

"Siimbi."

"Unaimba, Mwalimu. Tunakusikia."

"Chenny, nani mwalimu hapa?"

"Wewe, Mwalimu. Ndiyo maana tunakusikiliza."

Darasa zima likaangua kicheko, na Bi Gallego naye, ambaye alijitia anasahihisha madaftari pembeni, akacheka mpaka miwani ikamwanguka. Kisha akatoka, akarudi na kikombe cha maji.

"Jaza mdomo. Usimeze."

Basi ikawa hivyo. Jerlyn Pamplona, bingwa wa feni kumi, aliongoza kwaya mashavu yamemjaa maji. Watoto walicheka mpaka mmoja akateleza kutoka kwenye benchi. Lakini kwa kuwa hakuweza kusema neno, Jerlyn akatumia alichokuwa nacho. Akitaka kusema ndiyo, hivyo hivyo, anainua nyusi. Akitaka sauti ya pili iingie, anawaelekezea midomo iliyochongoka kama mtu anayeonyesha kopo la sukari lilipo. Nani kule asiyeijua lugha hiyo? Wale watoto walilelewa nayo. Mama zao huwatuma dukani kwa nyusi na kuwagombeza kwa midomo bila kuacha wanachokifanya. Walimwelewa papo hapo kuliko walivyowahi kumwelewa alipokuwa akisema. Mara moja tu ndipo alipopaliwa, na wale wa mstari wa mbele wakaoga.

Mwisho wa wiki ya kwanza waliweza kufika nusu ya wimbo bila yeye. Hapo ndipo palipokuwa na shida. Kwenye mstari wa tatu sauti ya kwanza hupanda juu, na sauti ya pili inatakiwa ibaki chini, na kila siku sauti ya pili ikiwaona wenzao wanapanda, nayo inapanda. Na kila siku Jerlyn alimeza maji, akaimba, akawaokoa. Bi Gallego alikuwa akimtazama na kutikisa kichwa.

Siku ya mtihani umeme ulikatika tangu asubuhi. Profesa Siason akaketi pale pale nyuma, akijifuta shingo. Bi Gallego akasimama dirishani akijipepea kwa daftari la mahudhurio. Kikombe hakikuwepo, maana mtihani ni mtihani.

Jerlyn akawapa sauti ya kuanzia, akafunga mdomo. Mstari wa kwanza ukaenda vizuri. Wa pili ukaenda vizuri zaidi. Akainua nyusi, watoto wakatabasamu huku wakiimba. Kisha wakakaribia mstari wa tatu, na akaisikia sauti ya pili ikianza kuteleza, wawili, watatu, watano, wanapanda na wenzao. Pumzi ikamjaa kifuani. Mdomo ukafunguka. Alijua wazi kabisa kwamba sekunde moja zaidi ataimba, na hakuna nguvu duniani itakayomzuia.

Akakimbia. Akampita Profesa, akapita mlango, akavuka kibaraza hadi kwenye bomba la maji, akaziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Kule ndani mambo yaliharibika. Sauti ya pili ilipotea, na wawili watatu waliobaki walikuwa wakiimba kitu ambacho hakikuwa cha wimbo wowote. Basi, nimekwisha, Jerlyn akajisemea. Ndipo akaisikia sauti moja chini kabisa, kavu, bishi, imeshikilia noti yake kama mtu anayewawekea wenzake nafasi kanisani. Ilikuwa ya Chenny. Mwingine akamfuata. Kisha wanne, kisha wengi. Sauti ya kwanza ikapungua nguvu, na Jerlyn akaelewa kwamba wamepunguza ili wawasikie wenzao. Jambo hilo hakuwafundisha. Wakashikana tena, wakaumaliza wimbo, kila upande mahali pake.

Haukuwa mzuri kama alivyokuwa akiuimba yeye. Ulikwaruza hapa na pale. Lakini ulikuwa wao, na ndiyo mara yake ya kwanza kuwasikia, kwa kuwa miezi miwili yote alikuwa akiimba juu yao. Akaona aibu, akafurahi, akalia, vyote kwa pamoja.

Profesa Siason akatokea kibarazani. "Miaka ishirini na sita," alisema, "sijawahi kuona mwalimu wa muziki akiikimbia kwaya yake."

"Nisamehe, Profesa. Ningebaki, ningeimba."

"Najua. Nilikuona mdomo." Akaitazama karatasi yake, akaigeuza, akaigeuza tena. "Hapa wameandika, watoto waimbe bila kutegemea sauti ya mwalimu. Hawakuandika mwalimu awe wapi." Akaweka alama ya vema. "Umefaulu. Ila siku nyingine pita taratibu, nusura uniangushe."

Bi Gallego akapiga kigelegele kwa ile sauti yake dirishani, na kuku wa jirani wakatawanyika kweli.

Jerlyn akanawa uso, akarudi darasani. Watoto walikuwa wamekaa wakimtazama. Moyoni alitamani wamwambie kwamba walishtuka, kwamba walimtafuta.

"Mlifanyaje nilipotoka?" aliuliza.

Wakatazamana. Chenny akanyoosha mkono.

"Tulikuona ukitoka, Mwalimu. Lakini tulikuwa katikati ya wimbo."

Jerlyn akavuta kiti, akaketi nao mwishoni mwa safu ya sauti ya pili, akawaomba waimbe tena.