Kibuyu cha Mwalimu Marcelina

Januari ya mwaka 1951 shamba la karanga la Mwalimu Marcelina liliingiliwa na magugu, na magugu hayajui ratiba ya shule. Alikuwa na watoto arobaini na wawili darasani, ekari mbili za matuta, watoto watatu wa kuzaa mwenyewe na mimba ya miezi minne. Mumewe, Kornel, alikuwa kibarua wa reli huko Bukene, na alirudi nyumbani mwisho wa mwezi. Basi Marcelina akafanya walivyofanya babu zake: akaiacha sauti yake kwenye kibuyu.

Pale Isungamile hilo halikuwa jambo geni. Kijiji kiko kando ya njia ya zamani ya misafara. Enzi za wapagazi, mwanamume aliyekwenda pwani na pembe begani alimwachia mkewe sauti kibuyuni ili watoto wasimsahau baba. Wengine walikwenda na kurudi bila kusema neno kwa miezi minane. Wengine hawakurudi, na vibuyu vyao viliendelea kuzungumza mpaka vikaliwa na mchwa.

Kila asubuhi Marcelina aligonga kipande cha reli kilichokuwa kengele, akanong'ona kibuyuni, akakiacha wazi juu ya meza, akachukua jembe. Kibuyu kilifundisha kusoma, hesabu na usafi wa kucha. Mwenyewe alipalilia kimya, na saa saba alirudi, akaimeza sauti yake kama togwa, akawaaga watoto kwa kinywa chake. Jamani, mwanamke yule alikuwa mchapakazi! Watoto wake wa darasa la pili walisoma barua za wazazi wao bila kukwama, wakati shule za jirani bado zinahangaika na ba, be, bi.

Mkaguzi wa shule, Bwana Raymundi, alifika Jumatano moja kwa baiskeli. Alikuwa mtu mpole mwenye kalamu mbili mfukoni. Aliweka kofia yake mezani, akakaa nyuma ya darasa, akasikiliza kibuyu kikifundisha kuzidisha kwa saba, akaandika "vizuri sana". Kisha akatuma mtu amwite mwalimu shambani, kwa sababu alikuja na barua. Wenye shule walikuwa wamesikia habari za tumbo la Marcelina, na kanuni yao ilikuwa kwamba mwalimu wa kike akishika mimba anaacha kazi siku hiyohiyo.

Marcelina alikuja na jembe mkononi na udongo magotini, pamoja na jirani yake Tatu waliyekuwa wakisaidiana palizi. Akaisoma barua mara mbili. Alikuwa na mengi ya kusema, na yote yalikuwa kibuyuni. Alinyoosha mkono akichukue, lakini Raymundi alikuwa ameshakiziba kwa gunzi na anaandika orodha ya mali ya shule: madawati manane, ramani moja, kengele moja, kibuyu kimoja chenye sauti.

"Samahani sana, mama," alisema, na kweli alisikitika. "Nimekikuta juu ya meza ya shule, kinafundisha watoto wa shule. Kitu kikishaandikwa hapa hakitoki bila barua."

"Na hiyo kofia yako iliyo mezani?" aliuliza Tatu. "Nayo ni ya shule?"

"Kofia haifundishi," alijibu Raymundi, akaivaa.

Marcelina aliandika barua tatu. Lilikuja jibu moja, kwamba suala lake linashughulikiwa.

Mwalimu mpya, Anton, alikuwa na cheti kizuri na sauti nyembamba isiyofika dawati la pili. Kila asubuhi alikizibua kibuyu cha watu na aibu ikamshika. Novemba ya mwaka uliofuata alishindwa kuvumilia. Akamwita Marcelina darasani.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema. "Chukua kilicho chako. Nitasema kimevunjika."

Marcelina alikipokea kwa mikono miwili, akakikumbatia kifuani. Mbele yake watoto wa darasa la nne walikuwa wamefungua madaftari, wanangoja, na mtihani wao ulikuwa umebakiza wiki mbili. Aliwatazama mmoja mmoja. Mwishowe aliandika ubaoni: WAKIMALIZA MTIHANI. Akakirudisha mezani, akakizibua mwenyewe, akaenda kupalilia.

Na mtihani ulikuwa kila mwaka. Mimi ningekichukua nikatimua mbio, nasema ukweli wangu. Yeye alikiacha, na watoto kumi na mmoja wa Isungamile wakaenda shule ya kati. Hakuna aliyempita njiani bila kumwamkia, naye aliitikia kwa kichwa.

Mtoto aliyekuwa tumboni siku ile aliitwa Bernadeta. Alianza darasa la kwanza Januari ya mwaka 1958. Hakuwahi kumsikia mama yake, lakini alimsoma midomo tangu alipoanza kutambaa: uji umepoa, njoo nikusuke, lala sasa. Siku ya kwanza Anton alipozibua kibuyu na sauti ikatoka, mtoto alisimama.

"Shikamoo, mama," alisema.

Hakuna aliyemcheka. Walisogea wakampa nafasi ya mbele.

Mchana alimkuta mama yake kwenye matuta. "Mama, leo nimekusikia!"

Marcelina akaweka jembe chini. Midomo yake iliuliza: Nimesemaje?

"Umesema, 'Nyamazeni, kila mtu akae.'"

Marcelina alicheka bila mlio mpaka machozi yakamtoka. Kisha akachuchumaa, akamshika mtoto mabega, na midomo ikamwomba aseme tena, vilevile alivyosikia. Bernadeta akasema tena. Akasema mara ya tatu, na mama yake akafumba macho kusikiliza.

Mwisho wa mwaka Raymundi alikuja kukagua mali ya shule. Dawati moja lilikuwa limevunjika mguu na ramani imetafunwa na panya. Kwenye mstari wa kibuyu aliandika: hali nzuri.