Mbuzi kwa Jina Langu

Sikuwa na shahada. Sikuwa na kompyuta, wala vidole vyepesi, wala miwani iliyokaa sawa puani. Elimu yangu niliipata ukubwani, darasa la jioni, baada ya kutwa nzima ya kutunza majokofu ya sampuli katika taasisi ya utafiti wa mifugo. Nilichokuwa nacho ni damu ya ng'ombe mia tatu na kumi na wawili, niliyoikusanya mwenyewe kwa miaka kumi na tisa, na hamu ya kujua kwa nini baadhi yao hawakuugua wenzao walipougua.

Jibu lilikuwa ndani ya vinasaba vyao, na kuvichambua kulihitaji kompyuta kuu ya taasisi. Mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu, ni mtafiti hapo hapo. Nilimlea tangu ana miaka sita. Akakubali kunifundisha.

"Mjomba, sikiliza. Ukiingia, unafikia kwenye seva ya mapokezi. Hapo hufanyi kazi. Unaandika ombi tu: prosesa ngapi, memori kiasi gani, saa ngapi. Ombi linakaa foleni, mashine kubwa za nyuma zinalifanya. Ukiendesha kazi mapokezi, umetukwamisha wote."

Nikaandika daftarini kwa wino mwekundu: KAMWE MAPOKEZI.

Kazi yangu ya kwanza ilikufa dakika ya nne. Niliomba memori gigabaiti mbili.

"Umekwenda kuteka maji kwa kijiko!" Alicheka mpaka akashika meza, nami nikacheka. Nikaomba thelathini na mbili, ng'ombe wa kwanza akapita. Mwezi wa tatu walikuwa wamepita mia mbili na arobaini. Neno la siri la akaunti yangu tulilichagua pamoja, nikamwambia alitunze, nisije nikalisahau.

Jumanne moja mapokezi yalikwama asubuhi nzima, hakuna aliyeweza kuingia. Alhamisi nikapata barua: nimeendesha kazi nzito mapokezi, akaunti yangu imefungwa moja kwa moja, na data zangu zitafutwa baada ya siku thelathini. Nikamwendea mkuu wa chumba cha kompyuta.

"Shikamoo, mzee. Pole sana. Mpwa wako ameshanieleza kuwa bado unachanganya mambo. Umri huo, mzee wangu, si kosa lako."

Barua ilikuwa na kiambatisho, ukurasa wa kumbukumbu za mashine. Mpwa wangu ndiye aliyenifundisha kuusoma. Jumanne, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi. Jina langu. Faili zilizosomwa: mbuzi, kutoka folda ya mpwa wangu. Mimi sijawahi kuchambua mbuzi hata mmoja. Tena saa nne hiyo nilikuwa chumba cha majokofu, nikitia sahihi kitabu cha zamu.

Nilimkuta ofisini kwake. Nikaweka karatasi mezani. Hakuiangalia.

"Foleni ilikuwa ya siku tatu, Mjomba, na mimi nina mkutano kesho. Nilidhani ni dakika tano tu."

"Kwa jina langu."

"Kwa langu ningefukuzwa. Wewe umeshastaafu, uko hapa kwa mkataba wa majokofu. Huna cha kupoteza."

"Na ng'ombe wangu?"

"Waliobaki nitakumalizia mimi."

"Kwa jina la nani?"

Akaanza kupanga kalamu zake, nyeusi huku, buluu kule.

Nilimwandikia mkuu wa chumba cha kompyuta barua mara tatu. Ya kwanza nilianza na "mpwa wangu", nikaichana. Ya pili niliandika "binti niliyemlea", nikaichana pia. Ya tatu niliandika cheo chake na jina la folda yake, nikaambatanisha ule ukurasa na nakala ya kitabu cha zamu, nikaomba akaunti yangu ifunguliwe kabla ng'ombe hawajafutwa. Neno la siri, niliongeza, sasa nitalitunza mwenyewe.

Nikalamba gundi ya bahasha, nikaibonyeza kwa kidole gumba mpaka ikashika. Karani wa masjala akagonga muhuri, akaitia kwenye trei ya barua za mkuu, na mhudumu akaibeba kwenda juu.