Uani kwa Mwantum

Kideri kilipopita kijijini Bungu kikiua kuku, Mwantum alibakiwa na mtetea mmoja na vifaranga kumi na mmoja. Hao wakiisha, ndiyo basi tena, jogoo atamsikia kwa jirani. Na mwewe naye akaanza zake: Jumatatu kabeba mmoja, Jumanne mmoja.

Jumanne hiyo hiyo mchana Mwantum akachukua rangi ya ukindu anaosukia mikeka, akawachovya vifaranga wote, hawa wekundu, hawa zambarau, kama alivyofanya mama yake, ili mwewe asiwatambue.

"Shoga!" Mwanamina wa nyumba ya pili alijishika mbavu. "Hawa wanakwenda ngomani?"

"Cheka tu. Kesho mwewe atapita kama kipofu."

Kesho yake mwewe akamzoa mwekundu. Habari ilifika stendi kabla chai haijachemka.

"Mama, mwewe anaona rangi kutushinda sisi," alisema mwalimu Tereza, mpangaji wake kutoka Songea, akijikaza asicheke. "Umemwashia taa."

Alhamisi Mwantum aliacha mkeka, akaburuta kigoda mlangoni, amtazame mwizi akiwa kazini. Alimwona akizunguka juu bila kupiga bawa, mkia wa panda ukijipinda kama usukani. Ghafla akashuka kutoka upande wa jua, akapita chini chini, akanyoosha miguu, akabeba kifaranga bila hata kutua.

Bila kutua! Mwantum akautazama ua wake: mweupe, unafagiwa asubuhi na jioni, sifa yake Bungu nzima. Kumbe amemtengenezea mwewe barabara ya lami.

Ufagio ukawekwa ndani. Akasimika mashina ya muhogo uani ovyo ovyo, akaegemeza makuti, majani akayaacha yaote.

"Mwantum hafagii siku hizi," wakasema kisimani. "Anaumwa?"

"Kaachika."

"Na nani? Mume si alikufa zamani!"

Maneno yote yalimfikia, maana Mwanamina hakubakisha hata moja. Aibu ilimchoma, lakini ufagio hakuugusa.

Jumapili mwewe akaja. Mtetea akapiga ukelele, vifaranga saba wakajichimbia chini ya makuti. Mwewe akateremka, akakuta mashina yamemzibia njia, hana pa kupitisha mbawa zake ndefu. Akapinda mkia, akapaa mikono mitupu. Akajaribu tena. Mitupu.

Jioni Mwanamina akaingia na tenga la vifaranga kichwani.

"Shoga, hebu nioneshe, hayo makuti unayaegemezaje?"

Mwantum akamsogezea kigoda. "Kawaite kwanza na wale wa kisimani," alisema. "Naeleza mara moja tu."